Mkuu wa Stesheni

Katika bonde la Cwmbedw hata fundi bomba anazijua sauti zote nne.
Vichanga hulia bila kutoka nje ya ufunguo.
Mazishini wafiwa hugawana wimbo pasipo kuulizana,
besi huku, teno kule, na marehemu mwenyewe
ungedhani amelala tu akingoja zamu yake.

Mimi ni Idwal. Nafundisha watu kuendesha gari.
Sauti yangu imezoea kusema "breki, polepole,"
na haijawahi kutumwa mbali zaidi ya kioo cha mbele.

Delyth alinipa sehemu hii kwa ajili ya kitambi na masharubu.
"Mkuu wa stesheni hawezi kuwa mwembamba," alisema,
akaketi kwenye piano, ile yenye kigego kibovu katikati,
akanipigia wimbo wangu mpaka kileleni,
pale neno "nyumbani" linapotakiwa kupaa.
Nikalipandia.
Mbwa wa Meurig akatoka chini ya viti, akaenda zake nje kwenye mvua.
Hakuna aliyecheka.
Hilo ndilo lililoniuma.

Baba alikuwa teno. Kwaya ya wachimba makaa, safu ya pili,
mapafu yamejaa vumbi jeusi
na bado sauti ikitoka safi kama sahani ya Jumapili.
Nilipokuwa na miaka tisa alinisikiliza mara moja tu,
akanishika bega:
"Wewe, mwanangu, utakuwa mtu wa kufungua milango."
Nikaifungua. Miaka thelathini nimekata tiketi katika ukumbi huu,
nimekunja viti, nimezima taa za wenzangu.

Mazoezi yangu niliyafanyia ndani ya gari, vioo juu.
Siku moja Nerys, aliyefeli mtihani mara nne,
alifungua mlango kabla ya saa yake akanikuta nimekaza shingo.
Akafunga mkanda. Akarekebisha kioo.
"Unaifikia kona ukiwa na woga," akasema,
"ndiyo maana unakanyaga mafuta."
Maneno yangu mwenyewe,
nimemuuzia kwa saa,
amenirudishia bure.

Basi nikapunguza mwendo.
Nikaanza kuusema wimbo, si kuusoma,
kuusema, kama unavyomwambia mtu jukwaani
kwamba treni imeshaondoka na mkewe alikuwemo.
Niliomba kipenga cha kunisaidia kileleni.
Delyth akakataa. "Huo ni wizi," alisema.

Asiye na mwana aeleke jiwe.
Jumamosi usiku, ukumbi umejaa, makoti yanatoa mvuke,
nami sina kitu mgongoni ila kofia ya kichwani.
Nikasema ubeti wa kwanza. Nikasema wa pili.
Kona ile nikaiona inakuja, nikatoa mguu.
"Nyu," nikasema.
"Mba."
Nikanyamaza, nikavua kofia,
nikainua taratibu mpaka mkono ukaisha,
na Delyth, Mungu ambariki, akaondoa vidole kwenye piano.

Watu mia na kumi, na hakuna asiyeijua noti ile.
Niliwaona koo zikicheza.
Kila mmoja aliisikia kwa sauti yake mwenyewe,
au ya mtu wake aliyezikwa kule mlimani kati ya kondoo.
Mimi niliisikia kwa teno, safu ya pili.
Kisha nikashusha kofia,
na treni ya mbao ikaingia, gurudumu moja limekwama kama kawaida.

Mlangoni dada yangu Eluned alinishikia koti.
"Ubeti wa pili ulikuwa chini kidogo."
"Si niliusema tu?"
"Hata hivyo."

Tukakunja viti, safu kwa safu.
Kofia nimeirudisha leo asubuhi. Ni mali ya makumbusho ya reli.
Walikagua bitana, wakataka sahihi.
Nerys alikuwa nje, injini inanguruma, ananingoja.